Pasipoti ya Kenya: faili hukwama wapi, na mashine ya ugenini husoma nini

Hamjambo watu wangu huko nyumbani. Leo ni pasipoti, na naingia moja kwa moja, maana najua yupo anayetazama hii akiwa na barua ya chuo au mkataba wa kazi mkononi, na ombi lake kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, halisongi.

Wengi wanaamini pasipoti huchelewa kwa sababu serikali inamchunguza mwombaji. Uchunguzi upo, na hatutaki uondolewe. Lakini mrundiko ule wa maombi ya pasipoti wa 2023 haukutokana na uchunguzi. Ulitokana na karatasi na mashine. Vijitabu vilipungua kwa sababu wasambazaji walikuwa wanadai pesa zao, na mashine za kuchapisha zilikuwa zimezeeka, zikawa zinaharibika huku maombi yakizidi kumiminika. Ukiomba Kisumu, Mombasa, Eldoret au Embu, alama za vidole unatoa huko huko, lakini kijitabu kilitegemea mashine za Nyayo House, lile jengo la uhamiaji Nairobi. Mashine ya Nairobi ilipolala, faili la Kisumu nalo lililala, hata kama maafisa wa Kisumu walimaliza kazi yao siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo mabroka walipopata soko. Kithure Kindiki, wakati huo waziri wa usalama wa ndani, alifika kuiita Nyayo House eneo la uhalifu, makachero wakaingia, watu wakakamatwa. Sawa, ilihitajika. Lakini kwa maoni yangu kilichopunguza foleni si pingu, ni madeni kulipwa na mashine mpya kununuliwa. Broka hana mashine. Anachouza ni nafasi ya mwenzako kwenye foleni, na vijitabu vikiwepo vya kutosha hana cha kuuza.

Tena kuna bei. Tangu 2024 pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, kutoka 4,550 za zamani. Ya kurasa 50 ni 9,550, na ya kurasa 66 ni 12,550. Zote ni za miaka kumi, kwa hivyo kama safari zako ni kwenda kusoma au kazi moja, 34 zinakutosha. Mfanyabiashara anayegongewa mihuri kila mwezi ndiye wa 66, kwa sababu viza ya kubandika inakula ukurasa mzima, na nchi kadhaa hudai kurasa mbili tupu. Malipo yanapitia eCitizen, paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, hiyo si ada ya serikali, hata kama anayekuambia amevaa beji.

Sasa nikuonyeshe kile ambacho afisa wa huku ughaibuni anakitazama, maana ukikielewa utajua kwa nini huko nyumbani wanang'ang'ania herufi moja ya jina lako.

Fungua ukurasa wenye picha. Chini kuna mistari miwili ya herufi na alama za mshale, kila mstari una nafasi 44. Ule wa pili una nambari ya pasipoti, herufi KEN, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kuisha. Baada ya nambari ya pasipoti na baada ya kila tarehe kuna tarakimu moja ya ziada, na hiyo ndiyo mlinzi. Chukua mtu aliyezaliwa 14 Februari 1985. Imeandikwa 850214. Zidisha tarakimu hizo kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Nane mara saba ni 56, tano mara tatu ni 15, sufuri inabaki sufuri, mbili mara saba 14, moja mara tatu 3, nne mara moja 4. Jumla 92. Gawanya kwa kumi, kinachobaki ni 2. Basi baada ya 850214 lazima ije 2. Mghushi akibadilisha mwaka akasahau tarakimu hiyo, mashine inamkataa kabla afisa hajainua macho. Kanuni hii ni ya dunia nzima, inatoka kwenye waraka wa 9303 wa ICAO, lile shirika la usafiri wa anga. Jaribu na ya kwako.

Bila shaka mghushi mzuri anajua hesabu hiyo. Ndiyo maana kuna chipu, ambayo Kenya iliianza Septemba 2017 kwa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki. Chipu ina picha yako na maelezo yale yale ya ukurasa, yakiwa yametiwa saini ya kidijitali na nchi iliyoitoa. Ukigusa kitu kimoja ndani, saini haikubali tena. Na haisomwi kiholela: mashine hutumia nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha kutoka kwenye ile mistari miwili kama ufunguo. Mistari ikifutika kwa maji au kukwaruzwa, chipu nzima kama mpya inaweza isifunguke. Kwa hivyo usiipige stepla, usiikunje kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, usimwachie mtoto achoree.

Lakini sikieni vizuri hapa. Chipu inathibitisha kwamba maelezo hayajabadilishwa tangu yaandikwe. Haithibitishi kwamba yalikuwa ya kweli. Mtu akipata kitambulisho kwa njia ya panya, pasipoti yake itakuwa halali kiufundi, saini itakubali, tarakimu zitakubali, na huyo ndiye anayewatia hofu maafisa wa mipaka kuliko mghushi wa karatasi. Usalama wa pasipoti unaamuliwa kwa msajili wa vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, miaka kabla ya Nyayo House. Mwanzoni mwa 2025 Rais Ruto aliagiza kuondolewa kwa ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani kaskazini mashariki, na binafsi naona ilikuwa haki: kumpanga kijana wa Wajir mbele ya jopo la wazee hakukuwa kunamzuia mtu mwenye pesa za kununua cheti. Rejesta safi na afisa anayejua kwamba saini yake itafuatiliwa ndivyo vinavyomzuia.

Turudi kwenye faili lako. Unaingia eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, si ya mtu wa saiba, na nywila usimwachie. Unachagua Idara ya Uhamiaji, unajaza fomu, unalipa, unachukua siku ya kwenda, unachapisha fomu na risiti. Siku hiyo beba kitambulisho halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa halisi na nakala, nakala za vitambulisho vya wazazi na cha mtu aliyekupendekeza, yaani yule anayethibitisha kwenye fomu kwamba anakujua, na pasipoti ya zamani kama unayo. Picha na alama za vidole unachukuliwa pale pale.

Faili linakwama wapi? Mara nyingi ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Mohammed. Au dada ameolewa, kitambulisho kina jina la mume, cheti cha ndoa hajabeba. Au mwaka wa kuzaliwa unatofautiana kwa sababu cheti kilichukuliwa baadaye sana. Watu hukimbilia kiapo cha wakili. Kiapo kinaeleza tofauti, hakirekebishi rejesta. Tofauti ikiwa kubwa, anza kwa kurekebisha cheti au kitambulisho chenyewe, ndipo ufungue ombi la pasipoti. Ukifanya kinyume unakuwa umelipa, umepiga picha, na faili linakaa kwenye dawati likisubiri karatasi ambayo hata hujaiomba. Na yule aliyekupendekeza mwambie mapema. Akipigiwa simu aseme hakujui, umejiharibia.

Kwa mtoto, mzazi anakwenda naye mwenyewe. Wazazi waliotengana watafute ridhaa ya maandishi mapema, maana hapo hakuna njia ya mkato, na ni vyema isiwepo. Ni kinga dhidi ya kutoroshwa kwa watoto.

Pasipoti ikipotea, piga ripoti polisi na kwa uhamiaji bila kuchelewa. Nambari ikishaingia kwenye hifadhidata ya Interpol, lile shirika la polisi wa kimataifa, ya hati zilizopotea au kuibwa, hata ukiikuta chini ya kiti cha gari wiki mbili baadaye usisafiri nayo. Mashine ya huku itawaka nyekundu, na utaketi chumba cha pembeni ukieleza hadithi ambayo afisa amewahi kuisikia.

Na kuna jambo sisikii likizungumzwa. Pasipoti za zamani zisizo na chipu zilisukumwa nje kwa tarehe ya mwisho iliyosogezwa mara kadhaa hadi 30 Novemba 2022. Watu wengi walibadilisha kwa pamoja. Za kwanza zenye chipu zilitoka Septemba 2017 na ni za miaka kumi, kwa hivyo zinaanza kuisha Septemba 2027. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi sita mbele, kumaanisha hizo zinakufa kisafari kuanzia Machi 2027. Baada ya hapo wimbi litaendelea, hadi wale wa mbio za 2022 wafike 2032. Tarehe hizi serikali inazo kwenye mfumo wake wenyewe. Inaweza kuhesabu leo ni vijitabu vingapi vitahitajika mwezi gani. Mkisikia tena habari ya madeni ya wasambazaji kwenye bajeti, muulizeni mbunge wenu wakati huo, msingoje foleni izunguke jengo.

Wewe kwa upande wako angalia tarehe ya kuisha, rudi nyuma miezi kumi na miwili, na hapo ndipo uanze ombi. Miezi sita ni ya nchi unayokwenda, sita ni ya Nyayo House.