Mkono Usio na Sahihi: Michoro ya Beano Ukutani

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi wachoraji vijana, habari zenu. Walio nyuma sogeeni, maana picha nitakazoonyesha zina mambo madogo madogo.

Nianze na bei. Tarehe 30 Julai 1938 mtoto wa Uingereza mwenye peni 2 aliweza kununua toleo la kwanza la Beano, jarida la vibonzo lililotoka Dundee, Scotland. Zilitoka nakala takriban 443,000. Mwaka 2004 nakala moja kati ya hizo iliuzwa mnadani kwa pauni 12,100. Zile nyingine zilikwenda wapi? Zilichanika, zilifungiwa vitu, ziliwashiwa moto. Tena vita vilipoanza mwaka uliofuata, karatasi ikawa adimu, na jarida likawahimiza watoto wakusanye karatasi chakavu zikatengenezwe upya. Yaani liliwaomba wasomaji wake walipeleke lenyewe likasagwe!

Nimeanza hapo ili mwelewe kwa nini nilisimama mlangoni kama mgeni nilipofika Somerset House, London, mwishoni mwa 2021. Hilo ni jumba la karne ya 18 kando ya mto Thames. Royal Academy, chuo cha wachoraji wakubwa wa Kiingereza, kilikaa humo tangu 1780 hadi 1837. Baadaye wakaja watoza kodi. Mwaka huo humo akaingizwa Dennis wa Beano, mtoto mtukutu wa fulana ya mistari myekundu na myeusi, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, manati mfukoni, na mbwa wake Gnasher nyuma. Msanii Andy Holden ndiye aliyeyaandaa maonyesho hayo. Alitundika zaidi ya michoro 100 ya asili, akaichanganya na kazi za wasanii wa leo, akina Sarah Lucas na Martin Creed. Hizo za akina Lucas nilizipita upesi, mtanisamehe. Mimi nilifuata wino.

Mchoro wa asili wa kibonzo sio ule ukurasa unaoushika mkononi. Ni mkubwa zaidi. Mchoraji huanza na penseli, hupitisha wino mweusi juu yake, kisha mchoro hupigwa picha na kupunguzwa hadi kipimo cha jarida. Hapo kwenye kupunguzwa ndipo mengi hupotea. Ukisogeza pua ukutani unaona penseli iliyosahaulika chini ya wino. Unaona mahali kidole kilipokosewa kikafunikwa kwa rangi nyeupe, na rangi imevimba kama kovu. Maneno yamebandikwa kwa vipande vya karatasi, na gundi imezeeka ikawa na rangi ya chai. Nilisimama mbele ya ukurasa mmoja muda mrefu hadi mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Tazameni hapa mstari wa David Law, aliyemchora Dennis tangu Machi 1951. Ni mstari wa mtu mwenye haraka, miguu imechorwa kwa mikwaruzo miwili mitatu, lakini mtoto anakimbia kweli. Leo Baxendale aliuona mstari huo, akapata hamu ya kuwachorea watu wa Dundee. Mwaka 1953 akaleta Minnie the Minx, binti mtundu kuliko wavulana, na 1954 lile darasa lililoshindikana, Bash Street Kids. Inasimuliwa kwamba mhariri alipata wazo la darasa hilo kwa kutazama dirishani, kwa kuwa ofisi zilielekea uwanja wa shule. Baxendale alikuwa akijaza kila pembe: huku mmoja anang'ata kiti, kule mwingine anachungulia nyuma ya mlango, na mwalimu yuko hoi. Mtoto angeweza kuurudia ukurasa mara kumi na bado akakuta kitu.

Sasa tafuteni sahihi ya mchoraji. Haya, tafuteni. Haipo.

Kampuni ya DC Thomson, yenye jarida hilo, haikuwaruhusu wachoraji kutia sahihi. Dudley Watkins, aliyewachora Lord Snooty wa Beano na Desperate Dan wa jarida pacha, Dandy, alikuwa mmoja wa wachache mno walioachiwa. Huyo alikutwa amekufa kwenye meza yake ya kuchorea, Agosti 1969. Michoro yake ya Desperate Dan iliendelea kuchapwa upya kwa miaka mingi, na watoto wakaendelea kucheka bila kujua kwamba mchoraji hayupo. Baxendale aliondoka mwaka 1962, akaja kuishtaki kampuni kuhusu haki za wahusika aliowabuni. Kesi iliburuzwa miaka saba, ikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 1987. Bash Street ilishikwa na David Sutherland, naye akaichora kwa miaka 60, mpaka alipofariki Januari 2023. Miaka sitini, jamani! Na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtoto aliyekuwa akimsoma kila wiki hakulijua jina lake.

Nisiwalaumu watoto wa Uingereza. Mimi nimekua na Sani, jarida la vibonzo la Tanzania, nikicheka na Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na nilikuwa mtu mzima nilipolisikia jina la mchoraji wao, Philip Ndunguru.

Kuna jambo jingine, na siwezi kuliruka kwa sababu tu napenda wino. Kwenye kichwa cha lile toleo la kwanza, kando ya jina la jarida, amechorwa mtoto Mweusi kwa dhihaka, anakula tikitimaji. Alikaa hapo hadi miaka ya 1940. Naye ana mkono uliomchora, vilevile bila sahihi. Mkiniuliza kama atundikwe, nasema atundikwe, na maelezo yaandikwe kwa herufi kubwa, maana ukimficha huyo utakuwa unasifia historia ambayo haikuwepo.

Nimekuja na nakala nne za Beano za miaka ya karibuni, nazipitisha. Hazina kioo. Zishikeni tu, hata ukiwa na mafuta ya sambusa vidoleni. Wakati zinazunguka, maswali.