Kokotoa uwiano wa sampuli kwa helmeti za bodaboda

Karibu. Swali letu leo: kati ya waendeshaji bodaboda wanaopita Kondele, hapa Kisumu, ni sehemu gani huvaa helmeti? Wote hatuwawezi, kwa hiyo tunachukua sampuli. Tafuta daftari na kikokotoo.

Kabla hujahesabu hata mmoja, andika juu ya ukurasa maana ya "amevaa". Iko kichwani? Ndiyo. Imening'inia kwenye usukani au imewekwa juu ya tangi? Hapana. Usipoamua sasa, utabishana na nafsi yako katikati ya kazi. Abiria usimhesabu.

Simama mahali pamoja, utazame wanaoelekea upande mmoja tu, uandike kila wa tano anayepita. Walioegesha stejini waache; wengi huvua wakisubiri wateja. Na ukiona trafiki wamesimama karibu, rudi siku nyingine, maana hapo utakuwa unapima hofu ya polisi.

Chora vijiti katika safu mbili, kila cha tano kikikata vinne. Tuseme umefikisha 150, na waliovaa ni 93. Hapo n ni 150, x ni 93. Gawanya x kwa n:

93 ÷ 150 = 0.62

Huo ndio uwiano wa sampuli, asilimia 62. Huandikwa p̂, p yenye kofia. (Naam, nayo imevaa.) Kofia hiyo inaonyesha kwamba ni kadirio tu, si uwiano wa waendeshaji wote.

Wengi hukosea kwa kugawanya waliovaa kwa wasiovaa, 93 ÷ 57, wakapata 1.63. Uwiano haupiti 1 kamwe. Ukiona hivyo, angalia ulichoweka chini.

Sasa kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio linavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine: kipeuo cha pili cha hesabu yote hii, 0.62 × (1 − 0.62) ÷ 150. Mabano usiyasahau! Ukiyaacha, kikokotoo kitakupa 0.785 badala ya 0.0396. Zidisha 0.0396 kwa 1.96, namba inayotumika kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, upate takriban 0.078. Toa na ujumlishe kwenye 0.62: kwa kiwango hicho, uwiano halisi wa waendeshaji wote unakadiriwa kuwa kati ya 0.54 na 0.70. Njia hii inafaa kwa kuwa waliovaa na wasiovaa wote wanazidi 10.

Pengo hilo ni pana? Kulipunguza nusu kunahitaji waendeshaji 600, si 300, kwa sababu n imo ndani ya kipeuo.