Washington na ile kofia ya watumwa wa Roma

Haya jamani, asanteni kwa kuja, naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja. Leo nataka tuiangalie Washington vizuri, maana mtu anaweza kukaa mji ule miaka na asijue anapita katikati ya Wagiriki na Waroma. Lincoln Memorial, lile jumba la kumkumbuka rais Lincoln lililozinduliwa 1922, imefuata Parthenon, hekalu la kale la Athens, ina nguzo 36 kuzunguka, idadi ya majimbo yaliyokuwepo Lincoln alipouawa 1865. Na angalieni sanamu ya Lincoln mle ndani, pale alipoweka mikono, kuna fimbo zimefungwa fungu moja, Roma zilikuwa zinabebwa mbele ya mtawala watu wajue huyu ana amri. Hata kijito cha pale mjini walikiita Tiber kama mto wa Roma, saivi kimefukiwa chini ya Constitution Avenue.

Sasa twende kwenye kuba la Capitol, jengo la bunge la Marekani, kuna mwanamke wa bronzi kasimama juu kabisa, karibu mita 6, anaitwa Freedom, yaani uhuru. Aliyemchonga ni Thomas Crawford, Mmarekani aliyekuwa na karakana yake hukohuko Roma, na alitaka kumvalisha kofia ya Kiroma, ile kofia laini ya sufu ambayo mtumwa akiachwa huru alikuwa ananyolewa nywele halafu anavalishwa. Jefferson Davis, waziri wa vita aliyesimamia ujenzi, akakataa, eti Wamarekani wamezaliwa huru, kofia ya mtumwa ya nini. Na mwenyewe anamiliki watumwa! Baadaye ndo akawa rais wa yale majimbo ya kusini yaliyojitenga. Crawford akabadilisha, akaweka helmeti yenye kichwa cha tai na manyoya.

Na hapa ndo pananiuma. Kwenye kazi ya kuyeyusha na kumimina bronzi ya ile sanamu alikuwepo Philip Reid, mtumwa wa mwenye kiwanda, serikali ikamlipa yeye mwenyewe Jumapili tu, dola 1.25 kwa siku, siku zingine hela zinaenda kwa bwana wake. Aprili 1862 watumwa wa Washington wakaachwa huru, naye akiwemo, halafu Desemba 2, 1863 kichwa cha sanamu kikapandishwa juu, mizinga ikapigwa, Reid keshakuwa mtu huru.

Mimi nasema kila mgeni anayepelekwa pale atajiwe Reid kwanza kabla ya Crawford. Karibuni maswali, nani anaanza?