Tengeneza haidrojeli mezani uone jeli inavyoshikilia jeni

Habari zenu, karibuni tena hapa Moshi. Leo tunatengeneza haidrojeli, ile jeli ambayo watafiti huitumia kupeleka jeni kwenye kidonda au mfupa uliovunjika, ili seli za hapohapo zijitengenezee protini ya kuponya. Jeni yenyewe hatutumii. Tunaweka rangi mbili badala yake: nyekundu ya keki na methilini bluu. Kwa nini mbili, mtaona.

Pima alginati ya sodiamu gramu 2 kwa maji mililita 100. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Ule wanaolima akina mama Zanzibar ni mwekundu, unatoa karajinani, kitu kingine kabisa. Na msiende kuomba unga wa alginati kwa daktari wa meno! Ule umeshachanganywa na chumvi ya kalsiamu, ukitia maji tu umeganda. Maji yawe yaliyokenekwa. Ya kuongezea betri ya gari yanafaa, ila soma chupa vizuri isije ikawa ni asidi. Ya bomba yana kalsiamu yake.

Sasa hapa tulieni. Koroga maji kwanza, yazunguke, ndipo unyunyize unga. Kidogo. Kidogo tena. Usimimine. Narudia, usimimine: donge likishajifunga nje, ndani linabaki kavu, utakoroga mpaka mkono uchoke. Mdogo wangu, sogeza kamera, wanaona kiwiko changu tu. Hapo, hapo. Mnaona unga unavyopotea? Ukiona donge jeupe, acha kunyunyiza, koroga mpaka liishe, ndipo uendelee. Halafu funika, uache usiku kucha mapovu yatoke. Hii ni ya jana, nzito kama mlenda.

Gawa vikombe viwili, tia rangi. Methilini bluu tone moja tu, ikizidi inafanya nyuzinyuzi. Bakuli la pembeni lina kalsiamu kloridi gramu 2 kwenye maji mililita 100. Vuta alginati yenye rangi kwa bomba la sindano. Mimi napenda kuitoa sindano yenyewe, punje zinakuwa kubwa, zinapendeza kwenye kamera. Angusha tone moja moja kwenye bakuli hilo, mkono ukiwa juu ya maji kiasi cha kiganja. Hiyo yenye mkia, mmeiona? Mkono umeshuka mno. Inua. Sasa ni mviringo. Kalsiamu inaingia katikati ya nyuzi za alginati na kuzifunga pamoja, tone linaganda likiwa limejaa maji. Mimi hapa sichoki kutazama.

Dakika 10. Tukisubiri, niwaambie kwa nini jeli. DNA tupu ukiidunga kwenye kidonda, vimeng'enya vinaikatakata, na kinachobaki kinasambaa. Tena DNA ina chaji hasi, na utando wa seli nao ni hasi, hivyo haipenyi kirahisi. Ndiyo maana huviringishwa na polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, yenye chaji chanya, kisha huwekwa ndani ya jeli ikae palepale na kutoka polepole. Mwaka 1999 timu ya Jeffrey Bonadio huko Marekani ilionyesha kwamba kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, iliyobeba plazimidi, yaani DNA ya duara, yenye jeni ya homoni ya parathairoidi iliotesha mfupa mpya kwa mbwa. Na Mei 2023 Marekani iliidhinisha Vyjuvek: virusi vya herpesi vilivyozuiwa kuzaliana, vinabeba jeni ya kolajeni ya aina ya 7, vinachanganywa kwenye jeli na kudondoshewa vidondani mara moja kwa wiki, kwa wagonjwa ambao ngozi yao inachubuka kwa kuguswa tu. Nikiwafikiria watoto hao, napata hamu ya kufundisha hili kila siku.

Tayari. Chuja kwa chujio la chai, suuza kwa maji yaleyale yaliyokenekwa. Mlio maabara, msisuuze kwa bafa ya fosfeti! Fosfeti inanyakua kalsiamu, punje zinalegea. Tafadhali, si fosfeti.

Weka nyekundu glasi moja, bluu nyingine, maji safi. Sogeza kamera... angalia, glasi ya nyekundu imeshaanza kubadilika rangi. Nyekundu ina chaji hasi, alginati nayo hasi, hazishikani. Ndivyo DNA tupu inavyovuja. Bluu ina chaji chanya, imeng'ang'ania, kama DNA iliyoviringishwa.

Sasa hamishia punje moja ya bluu kwenye sitrati ya sodiamu, gramu 3 kwa mililita 100. Sitrati inaivua kalsiamu yake. Tikisa taratibu, usiipondeponde. Inalainika, inayeyuka, bluu inatoka.

Punje hizi si dawa, zisiguse kidonda cha mtu. Pakiti za alginati, kalsiamu kloridi na sitrati ninazo, walimu wa Arusha nawatumia kwa basi. Andikeni hapo chini darasa lako lina wanafunzi wangapi.