Umefunga Ekzosi Mpya, Sasa Gari Linazima: Tuanzie Wapi?

Ndugu mafundi, wanafunzi wa ufundi na wenye magari mliofika, asanteni kwa kuja.

Shida ninayotaka tuizungumze huletwa gereji kwa maneno yaleyale: "Gari lilikuwa halina neno. Nimebadilisha ekzosi, sasa nikisimama tu linazima." Anayesema hivyo ameshatoa hukumu kwamba kifaa kipya ni kibovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi bomba lenyewe halina kosa, na kilicholeta shida ni kitu kilichoguswa au kuachwa vibaya wakati wa kulifunga. Kwa hiyo kabla hujanunua sensa, kabla hujafungua pampu ya mafuta, muulize mwenye gari jambo moja: linazima lini?

Jibu la swali hilo hukupunguzia nusu ya kazi. Injini ya petroli yenye kompyuta ina namna mbili za kupima mafuta. Ikiwa ya baridi, kompyuta hufuata hesabu ilizowekewa kiwandani: inaangalia joto la maji, hewa inayoingia na mizunguko ya injini, basi. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, haisikilizwi wakati huo, kwa sababu haisemi la maana mpaka ipate joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi. Ikishapata moto, kompyuta inaanza kuifuata, na kuanzia hapo inatafuta uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito.

Sasa tazameni. Gari likizima sekunde chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, sensa ya oksijeni msiiguse, bado haijaanza kazi. Likiwaka vizuri, likatulia, kisha baada ya muda mfupi sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta) ikaanza kupanda na kushuka hadi likazima, hapo shuku uvujaji au sensa. Likizima baada ya safari ndefu, likagoma kuwaka mpaka lipoe, fikiria joto: heda mpya (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) inapita karibu na waya au sensa ya krenki, inayoieleza kompyuta mzunguko wa injini, ambayo zamani ilikuwa na ngao ya joto, na ngao hiyo haikurudishwa. Na likipoteza nguvu kwanza, likakataa kupanda mizunguko, ndipo likazima, kuna kitu kimeziba njia ya moshi.

Nitakaa zaidi kwenye uvujaji, maana ndio unaowapoteza wengi.

Watu hudhani ekzosi inayovuja inatoa moshi nje tu. Moshi hautoki kwa mkondo mmoja mnyoofu. Unatoka kwa mapigo, kila silinda ikifungua valvu yake. Kati ya pigo na pigo shinikizo linashuka, mara nyingine chini ya lile la hewa ya nje, na penye mwanya hewa inanyonywa kuingia ndani. Mwanya ukiwa kabla ya sensa ya mbele, yaani ile ya oksijeni iliyo karibu zaidi na injini, sensa inaonja oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Sensa ya kawaida inayocheza kati ya volti 0.1 na 0.9 inaanza kulalia chini. Kompyuta inaelewa kwamba mafuta ni machache, inaongeza. Sensa bado inaonja hewa ya nje, kompyuta inaongeza tena, mpaka injini inalemewa na petroli na kuzima.

Kwenye sailensi, injini ikiwa na mizunguko kama 600 hadi 900 kwa dakika, mapigo yako mbalimbali na hewa inapata nafasi ya kuingia. Ukikanyaga mafuta, mapigo yanakaribiana, moshi unakuwa mwingi, na ile hewa ya kuibia inakuwa kidogo. Ndiyo maana gari hilohilo linakwenda vizuri kwenye mwendo na kuzima likifika kwenye taa.

Ukiunganisha mashine ya kusomea hitilafu utaona kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 20 au zaidi, na huenda ukakuta kodi P0171, inayosema mafuta ni machache. Fundi asiyetulia ataanza kubadilisha pampu, chujio na nozeli. Mimi nawaomba mfungue plagi. Kama kweli mafuta ni machache, kwa mfano kwa sababu hewa inaingilia kwenye manifoldi ya juu (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), kompyuta ikiongeza mafuta inakuwa imerekebisha, na plagi hukaa safi. Hewa ikiingilia kwenye ekzosi, plagi ni nyeusi, huenda zimelowa, na moshi wa nyuma unanuka petroli. Mashine inasema mafuta ni machache, plagi inasema ni mengi. Iaminini plagi.

Magari mengi ya sasa yana sensa ya mbele ya aina nyingine, ambayo volti zake hazisomwi hivyo. Kwa hayo fuateni asilimia za marekebisho ya mafuta na hali ya plagi.

Kuutafuta mwanya, anza injini ikiwa baridi, kabla chuma hakijatanuka na kujiziba. Sikiliza mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko wa injini. Njia nyingine ninayoipenda ni kuzima injini, kuelekeza hewa ya kifyonza vumbi chenye upande wa kupuliza kwenye mdomo wa bomba la nyuma, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila mshono wa kulehemu. Mapovu yatakuonyesha. Mtakapowasha injini, iwe mahali pa wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na ekzosi inayovuja chini ya boneti inaweza kuipeleka ndani ya gari hadi alipokaa dereva. Hili naomba msilichukulie kwa wepesi hata siku moja.

Ukifungua flanji, yaani kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti, isome gasketi. Iliyokaa sawa imebanwa pande zote na ukingo wake ni safi. Iliyovuja ina mstari wa masizi unaotoka kwenye tundu la katikati hadi nje, na ukiufuata kwa kidole utafika kwenye bolti iliyokazwa pungufu. Mara nyingine utakuta kipande cha gasketi ya zamani kimeachwa chini ya mpya. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, usimalize upande mmoja kwanza.

Kama bomba halivuji, njoo kwenye sensa yenyewe. Je, waya wake umeegemea bomba na kuyeyuka? Kwenye injini ya V, ambayo silinda zake zimegawanywa pande mbili, soketi za kulia na kushoto zimebadilishana? Zikibadilishana, upande mmoja utazidishiwa mafuta na mwingine utanyimwa. Je, kuna aliyepaka silikoni ya kawaida kwenye viungo? Mvuke wake huharibu sensa. Jaribio la haraka ni kuchomoa soketi ya sensa ya mbele, ili kompyuta irudi kwenye hesabu zake za kiwandani. Sailensi ikitulia, umeshajua uko njia ipi. Taa ya injini itawaka, utaifuta baadaye.

Betri nayo isisahauliwe. Aliyelehemu bomba kwa busara aliitoa kwanza ili kulinda kompyuta, na magari mengi hapo husahau kiasi cha hewa yalichojifunza kupitisha kwenye sailensi. Kama bataflai (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) ina ukoko mweusi, gari linaweza kuzima. Isafishe, kisha fuata utaratibu wa mtengenezaji wa kulifundisha upya.

Kuhusu kuziba: pima mvuto wa manifoldi ya juu. Injini nyingi zilizo nzima, karibu na usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Shikilia mizunguko 2,500. Mshale ukiendelea kushuka polepole, moshi hauna pa kupita. Tazama kama tundu la gasketi ni dogo kuliko bomba, au kama vipande vya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) ya zamani vimesukumwa hadi kwenye mafla mpya, ile ya kupunguza sauti.

Na yale maneno kwamba injini inazima kwa sababu ekzosi mpya "haina presha ya kurudi", yaani haiuzuii moshi vya kutosha, sikubaliani nayo. Bomba pana mno hupunguza kasi ya moshi, na gari linaweza kuwa zito kwenye mizunguko ya chini. Kuzima ni jambo lingine, na anayetoa jibu hilo huwa ameacha kutafuta.

Kuna aliyeuliza kuhusu sensa ya nyuma. Kwa kawaida hiyo inachunguza kama katalisti inafanya kazi. Ukifunga katalisti dhaifu itawasha taa, mara nyingi kwa kodi P0420, lakini ni nadra sana kulizima gari. Kama taa hiyo imewaka na gari linazima pia, yachukulie kama matatizo mawili, na uanze na lile la kuzima, kati ya injini na sensa ya mbele.