Kabla ya programu, fungeni mlango wa 3389

Swali mmeniletea lilelile: kuendesha kompyuta ya ofisi ukiwa nyumbani, tutumie programu ya AnyDesk au TeamViewer? Nitalijibu, ila si sasa. Kwanza, ni ofisi ngapi hapa ambazo ruta yake imefunguliwa mlango (port) namba 3389, njia ya kuingilia kwenye kompyuta kupitia mtandao, ili mhasibu aingie akiwa nyumbani? Msinyooshe mikono, mtaaibishana.

Namba hiyo ni ya Remote Desktop ya Windows, huduma ya kuiona na kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Yenyewe haina ubaya: ni nyepesi, na imo ndani ya Windows Pro tayari. Ubaya ni kuianika kwenye intaneti. Mtasema, "Sisi ni duka la vipuri Kariakoo, nani atatutafuta?" Hakuna anayekutafuta wewe. Anwani za IPv4, zile zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, ni kama bilioni 4.3, na programu ya ZMap, kwenye laini ya gigabiti 1, inazigongea zote mlango mmoja kwa muda usiofika saa moja. Duka lako linagongewa hodi sambamba na benki.

"Nimehamisha namba, natumia 33890." Milango yote ni 65,535, na Remote Desktop ukiigonga popote ilipo hujitaja. "Nywila yangu ina herufi 20." Hongera. Mei 2019 Microsoft walitoa kiraka cha kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mgeni kuendesha programu zake ndani ya Windows 7 bila kuulizwa nywila yoyote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyoachwa kuhudumiwa tangu 2014, ilitengenezewa kiraka. Herufi zako 20 zingesaidia nini hapo?

Basi funga mlango huo kwenye ruta. Kisha angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) iliyoandikwa kwenye ruta, uilinganishe na ile inayoonekana ukiuliza tovuti yoyote ya kuonyesha IP. Zikifanana, weka ofisini WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya nyumbani na ofisi, yenye ufunguo), mlango wa UDP 51820. Asiye na ufunguo akigonga hapo hajibiwi chochote. Hajui hata kama kuna mtu ndani. Zikitofautiana, na kwenye modemu za laini ya simu mara nyingi hutofautiana, mnashiriki anwani moja na wateja wengine, na kufungua milango kwenye ruta yako hakutasaidia kitu. Hapo tumia Tailscale, VPN nyingine: pande zote mbili zinatoka nje kwenda kukutana. Halafu kwenye fayawoli ya Windows, kanuni ya Remote Desktop iruhusu anwani za Tailscale, 100.64.0.0/10, peke yake.

Na tafadhali, ukishapata VPN usifungue faili la hesabu la ofisini kwa programu iliyo kwenye laptopu yako ya nyumbani. Bando likiisha katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Programu ifanye kazi kulekule ofisini; nyumbani ije picha tu. Laini ikiwa nzito, punguza rangi ziwe biti 16 na uzime picha ya nyuma ya skrini.

Sasa AnyDesk na wenzake. Windows yako ikiwa ni Home haiwezi kupokea Remote Desktop, kwa hiyo utawahitaji. TeamViewer ya bure ni ya matumizi binafsi. Ukiifanyia biashara inaweza kukukatia katikati ya kikao. RustDesk, ya aina hiyohiyo, unaweza kuiwekea seva yako mwenyewe. Na anayekupigia simu akijiita mtu wa benki, kisha akaomba zile namba za kuingilia za AnyDesk, kata simu.

Umeme, haraka haraka: kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) chagua kompyuta ijiwashe umeme ukirudi, zima kulala, na kwenye Tailscale washa "Run unattended", la sivyo kompyuta ikijiwasha, Tailscale itasubiri mtu aje aingie. Ufunguo wa Tailscale huisha baada ya siku 180. Kwa kompyuta ya ofisini zima muda huo, maana ukiisha mhasibu yuko Mbagala na kompyuta iko Posta, itabidi apande daladala.