Kanda za Chumbani: Death na Albamu Yao Isiyosikilizwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie bendi ya Death ya Detroit, na najua wengi wenu mmekuja kwa ile hadithi inayopendwa: vijana watatu Weusi, ndugu wa tumbo moja, waliopiga panki, ile roki ya kasi na makelele, kabla panki haijapewa jina. Nitaigusa, maana bila hiyo hatutaelewana. Lakini albamu niliyokuja nayo leo si ile iliyowatoa mwaka 2009. Ni ile iliyoifuata mwaka 2011, Spiritual • Mental • Physical, yaani Roho, Akili na Mwili. Ni mkusanyiko wa rekodi za majaribio walizojirekodia wenyewe kati ya 1974 na 1976, nyingi zikiwa na ubora wa sauti ambao fundi mitambo yeyote angeukunjia uso. Wapenzi wengi wa Death hawana habari nayo. Mimi naona ndiyo inayotuambia walikuwa watu gani.

Kwanza tuwajue. David Hackney, mkubwa wao, gitaa. Bobby, besi na sauti. Dannis, dramu. Baba yao alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka 1971 walikuwa wakijiita RockFire Funk Express na wakipiga fanki, kama ilivyotarajiwa kwa vijana wa mtaa wao. Kisha David akawaona The Who, bendi ya roki ya Uingereza, jukwaani, mwanaroki Alice Cooper naye akawachanganya zaidi, na fanki ikaishia hapo. Kumbukeni huo ulikuwa mji wa Motown, kampuni maarufu ya muziki wa soul wa Weusi. Majirani walikuwa wakiwauliza kwa nini wanapiga muziki wa Wazungu. Mama yao alivumilia kelele ndani ya nyumba, na kwa maoni yangu mchango wa mama huyo katika historia ya roki haujalipwa.

Baba yao aliuawa katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi. Ni baada ya msiba huo David alipotaka bendi iitwe Death, Kifo. Kwake yeye kifo hakikuwa mwisho wala kitisho, kilikuwa safari. Jina likawaponza. Mwaka 1975 waliingia studio ya United Sound Systems pale Detroit kurekodi nyimbo kumi na mbili. Clive Davis, kigogo wa biashara ya santuri, aliwapenda, ila akataka wabadilishe jina. David akakataa katakata. Fedha zikakatika, nyimbo zikaishia saba. Mwaka 1976 wakatoa wenyewe santuri ndogo yenye nyimbo mbili, nakala 500, kwa lebo yao, yaani kampuni yao ya santuri, ya Tryangle. Redio zikawapa kisogo.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Wakahamia Vermont, wakapiga roki ya kumsifu Mungu kwa jina la The 4th Movement. David akarudi Detroit, wadogo zake wakabaki na kuanzisha bendi ya rege, Lambsbread. David akafariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu, baada ya kumkabidhi Bobby kanda na kumwambia ipo siku dunia itakuja kuzitafuta. Na kweli, wakusanyaji wa santuri wakaanza kuinunua ile ndogo kwa mamia ya dola, watoto wa Bobby wakashtuka kuisikia sauti ya baba yao katika nyimbo ambazo hakuwahi kuwasimulia, na lebo ya Drag City ya Chicago ikazitoa zile nyimbo saba mwaka 2009. Albamu nzima haifiki hata nusu saa.

Basi, sasa tuje kwenye mzigo wetu wa leo.

Ukiitazama orodha ya nyimbo kumi zake, utakuta katikati kitu cha ajabu: vipande vitatu vifupi vinavyofuatana. David's Dream, gitaa. Bobby Bassing It, besi. Dannis on the Motor City Drums, dramu. Kila ndugu amepewa zamu ya kubaki peke yake na chombo chake. Hakuna kampuni ambayo ingepoteza nafasi ya santuri kwa mambo kama hayo mwaka 1975. Lakini ndipo unaposikia bendi ikiwa imefunguliwa skrubu. Albamu ya kwanza inakuja kama ukuta, gitaa limejaza kila upenyo, huna pa kupitisha kidole. Hapa unasikia kwamba ukuta ule ulishikiliwa zaidi na Dannis na Bobby kuliko tunavyodhani. Tukisoma habari zao tunaambiwa David, David, David. Masikio yanasema vingine.

Na jina la albamu halikuokotwa. David aliwachorea nembo: duara tatu zilizopangwa kama pembetatu, roho, akili, mwili, na duara la nne ni Mungu anayeziongoza. Ndiyo maana pia lebo yao iliitwa Tryangle, kutokana na neno la Kiingereza la pembetatu. Kijana wa mhubiri alikuwa na teolojia nzima kichwani, na aliyeombwa abadilishe jina la bendi hakuwa anaombwa kubadilisha bango tu. Alikuwa anaombwa kubomoa nyumba.

Je, nyimbo zote ni nzuri? Hapana. Kuna zinazosikika kama vijana wanaotafuta mahali pa kumalizia wimbo na hawapaoni. Anayeanza na albamu hii bila kuijua ya kwanza atajiuliza makelele haya yote ya nini. Pia nina shaka na biashara ya kukusanya makombo. Tumeona wasanii wakifa tu, kila kikohozi walichokohoa studio kinauzwa. Hapa naisamehe Drag City kwa sababu moja: Bobby na Dannis walikuwa hai, kanda zilikuwa mikononi mwao, na wao ndio walioridhia zitoke.

Kuna jambo jingine ambalo mkusanyiko huu unalifanya, nalo linanifurahisha. Unaharibu ule ubishi wa nani alikuwa wa kwanza. Kila makala lazima iseme Death walikuwa kabla ya Ramones, bendi inayotajwa sana kuwa ya kwanza ya panki. Jamani, Ramones walikuwa jukwaani New York tangu 1974, na The Stooges, bendi nyingine ya roki ya makelele kutoka Michigan, jimbo la Detroit, walitoa albamu yao ya kwanza 1969. Mbio hizo hazina mshindi. Ukisikiliza kanda za chumbani husikii manabii. Unasikia vijana wenye masikio makubwa, waliomeza The Who wakameza na fanki waliyoiacha juzi tu, ikabaki kwenye besi ya Bobby hata walipodhani wameitupa. Mimi napenda zaidi picha hiyo. Kumwita kijana Mweusi aliyepiga roki muujiza ni kukubali kwamba roki haikuwa yake tangu mwanzo, na Chuck Berry na Little Richard, waasisi Weusi wa roki, wangelicheka hilo.

Mwaka 2014 Drag City ilitoa mkusanyiko mwingine, III, na mwaka 2015 Bobby na Dannis wakatoa N.E.W., gitaa likishikwa na Bobbie Duncan, mwenzao wa Lambsbread. Duncan ni mpigaji hodari, na ukisikiliza utaona anajitahidi kutomwigiza David. Anayetaka kununua, aanze na ya 2009, kisha hii, na hiyo N.E.W. aiweke mwisho.

Naona mwenzetu wa mitambo ameshaweka santuri. Tutaanza na Views, wimbo wa kwanza, halafu tutaruka hadi vile vipande vitatu. Ikikoroma msimlaumu yeye, ndivyo kanda ilivyo. Maswali baada ya hapo.